Mtoto mkubwa anapohamia kwenu kutoka makao ya watoto: miezi sita ya kwanza

Mtoto wa miaka 8 aliyelelewa makaoni ana ujuzi mwingi. Anajua kufua soksi zake, kutandika kitanda kikanyooka, kumaliza chakula kabla sahani haijaondolewa, na kuusoma uso wa mtu mzima akiwa bado mlangoni. Anajua kuwaimbia wageni. Asichokijua ni mambo ya nyumbani: kwamba kitunguu huwa na maganda, kwamba unga hununuliwa dukani, kwamba tokeni za stima huisha, kwamba mama anaweza kukasirika jioni na kesho yake akaamka bado ni mama yako.

Haya yameandikwa kwa ajili ya familia za hapa Nairobi zinazojiandaa kumwasili, kumlea kwa muda au kumchukua kwa kafala (malezi ya Kiislamu ya mtoto bila kumwasili) mtoto aliyepita miaka 5. Serikali ilisimamisha uasili wa kimataifa Novemba 2014, miaka 7 baada ya Kenya kujiunga na Mkataba wa The Hague kuhusu uasili huo. Zamani mtoto mkubwa asiye na jamaa angeweza kupata familia ng'ambo. Leo familia yake ni lazima itoke hapa. Mkakati wa kitaifa wa kubadilisha malezi, wa 2022 hadi 2032, nao unataka watoto watolewe kwenye makao warudi katika familia. Familia za Ulaya na Marekani zilizowapokea watoto wakubwa zimeacha maarifa mengi yenye faida, lakini hazikuwa na dada wa nyumbani, wala majirani wa ploti, wala safari ya ushago Desemba. Kwa hiyo mengi inabidi tuyapange upya kulingana na maisha yetu.

Ukishika jambo moja tu humu, shika hili: miezi 6 ya kwanza, ifanye dunia ya mtoto iwe ndogo na ya kujirudia. Watu wachache, chakula kile kile, saa zile zile. Karibu kila kosa tunaloliona linatokana na wazazi wenye moyo mwema waliomfungulia dunia nzima katika wiki ya kwanza.

Kabla hajafika

Kwa kawaida familia hupewa muda wa kumtembelea mtoto makaoni. Muda huo utumieni kuuliza na kukaa naye, si kumpelekea zawadi. Zawadi inawaingiza katika kundi analolijua tangu zamani: wageni wa Jumamosi, wanaokuja na mkate na soda, wanapiga picha, wanaondoka. Nendeni mikono mitupu. Chambueni maharagwe pamoja, anikeni nguo pamoja, msomeeni kitabu kimoja kile kile kila mnapokwenda.

Maswali muulizeni yule anti anayemlaza, si mkurugenzi peke yake. Yenye faida ni maswali madogo. Kitanda chake kiko karibu na cha nani? Akipata homa humwita nani? Huogopa nini: mbwa, sare ya polisi, mvua ya usiku, sauti ya mwanamume? Huomba vipi kwenda chooni? Na je, amewahi kwenda kwa familia nyingine akarudishwa? Hilo la mwisho msilikwepe. Mtoto aliyerudishwa mara moja huja akiwa anaingoja mara ya pili, na ataijaribu nyumba yenu mapema na kwa nguvu.

Ombeni nakala za karatasi zote: ripoti ya alivyopokelewa, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) kama aliokotwa na polisi, kadi ya kliniki, ripoti za shule, na picha zozote zilizopo. Fanyeni hivyo mapema. Makao hufungwa, wafanyakazi huhama, makabati huloa mvua, na miaka 10 baadaye mtoto huyo atataka kujua siku aliyopatikana alikuwa amevaa nini.

Tengenezeni albamu ya kurasa 10 au 12, ibaki naye angalau wiki 2 kabla ya kuhama. Lango la ploti. Mlango wenu. Kitanda chake kikiwa na blanketi lile lile atakalolikuta. Choo, kwa nje na kwa ndani. Meza ya kulia. Kila mtu anayeishi humo, akiwa na nguo za kila siku, na jina lake chini. Picha za Mombasa ziacheni. Mtoto ataifungua albamu usiku akitafuta atalala wapi na nani mwingine atakuwepo.

Wakati mzuri wa kuhama ni mwanzo wa likizo ndefu, mwishoni mwa muhula wa tatu. Mtapata takriban miezi 2 kabla ya shule kufunguliwa Januari. Siku yenyewe apewe nafasi ya kuaga kwa majina: rafiki wa kitanda cha pili, mpishi, mlinzi. Pigeni picha na kila mmoja. Anachokuja nacho kisifuliwe wiki ya kwanza, hasa blanketi na nguo ya kulalia, maana harufu ile ndiyo kitu pekee anachokijua katika nyumba mpya. Nunueni sabuni ya kuogea ileile ya makaoni. Viatu vyake vilivyochakaa msivitupe akiona.

Na msifanye sherehe. Shangazi, majirani, mchungaji na kwaya watasubiri.

Mwezi wa kwanza

Tangu Sheria ya Ajira iliporekebishwa mwaka 2021, mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto wa kuasili ana haki ya likizo ya mwezi 1 yenye mshahara kamili. Mwajiri ajulishwe kwa maandishi siku 14 kabla. Ichukueni. Wapo wazazi wanaoona mtoto mkubwa hahitaji mtu wa kushinda naye, kwa kuwa si mchanga, anajilisha na kujivika. Kwa kweli anawahitaji zaidi. Mtoto mchanga hana wa kuwalinganisha naye. Huyu amelelewa na watu waliobadilishana kwa zamu, na bado hajui kama zamu yenu nayo inakwisha Ijumaa.

Chakula ndipo mambo huanzia. Makaoni kilikuja kwa saa, kwa kipimo, kikaisha. Usemi kwamba kipo kingine haumfikii, anahitaji kukiona. Kwa wiki 6 za mwanzo mpeni kitu kila baada ya saa 2 au 3: uji saa 1 asubuhi, ndizi saa 4, chakula cha mchana saa 7, chai na mandazi saa 10, chakula cha usiku saa 1, na kikombe cha maziwa au uji kabla ya kulala. Wekeni kikapu mahali anapofikia, chenye ndizi, njugu karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Ni chake, haombi ruhusa, na kinajazwa kila asubuhi mbele ya macho yake. Friji isifungwe kwa kufuli kwa sababu yoyote ile.

Ataficha chakula hata hivyo. Mtakuta nusu chapati ndani ya foronya, maharagwe kwenye mfuko wa sweta, mfupa nyuma ya kabati. Mende na panya watakuja. Msimkaripie na msimpekue akiwa shuleni. Mpeni mkebe wa plastiki wenye kifuniko, mwandike jina lake, mseme: "Chakula cha kuweka kinakaa humu." Kila Jumamosi mnausafisha pamoja, kilichoharibika kinatupwa na kipya kinawekwa saa ileile. Kinachoharibu mpango huu ni kutupa bila kujaza. Ukitupa mara moja tu bila kurudishia, unamthibitishia kila alichokuwa anakihofia.

Wengine hula mpaka watapike, kwa kuwa kushiba kwao hupimwa kwa sahani kwisha wala si kwa tumbo. Pakua kiasi cha kawaida, sufuria ibaki mezani kifuniko kikiwa wazi ili aone kilichobaki, na akitaka nyongeza mwongezee nusu baada ya dakika 10. Wala msimbadilishie mlo ghafla. Kuku, soseji na maziwa mengi kwenye tumbo lililozoea githeri na ugali kwa maharagwe ni kuhara kwa wiki nzima. Anzeni na alichokula juzi, mwongeze kitu kipya kimoja kila siku 3. Na chakula kisitumike kama tuzo wala adhabu, hata biskuti moja.

Mchukueni jikoni. Mpeni kabichi nzima aikate kwa kisu kidogo, mumpeleke kwa mama mboga achague nyanya 4 na kulipa yeye mwenyewe. Mtoto aliyewahi kuona chakula kikija tu kutoka dirisha la jiko kubwa huanza kutulia anapoona kinatoka wapi na kwamba nyumba inajua njia ya kukipata.

Usiku ni mgumu kwa sababu ya ukimya. Amezoea kulala na wenzake 10 au 20, akisikia pumzi zao. Chumba chake peke yake, chenye kitanda kipya na pazia la katuni, kwake ni kama adhabu. Mzazi aweke godoro sakafuni karibu naye kwa wiki 2 hadi 4, kisha alisogeze mlangoni, kisha koridoni. Taa ndogo iwake. Mwonyesheni mchana sauti za usiku zinakotoka: filimbi ya mlinzi, mbwa wa jirani, pampu ya maji, matatu za alfajiri. Mfanye mazoezi ya njia ya kwenda chooni gizani, mara 3, na swichi ilipo.

Kukojoa kitandani kwaweza kurudi hata kwa mtoto wa miaka 10. Tandikeni mara mbili: mpira, shuka, mpira, shuka. Usiku mnaondoa tabaka la juu na analala tena, bila maneno. Mwamsheni mara moja saa 4 usiku. Kukiendelea zaidi ya mwezi, au akilia anapokojoa, apimwe mkojo. Dada wa nyumbani aambiwe wazi kwamba shuka hizo hazisemwi mbele ya watoto wengine.

Kopo la mafuta

Watu huuliza namna ya kujenga upendo na mtoto ambaye hataki kukumbatiwa. Jibu letu ni kopo la mafuta ya kujipaka.

Baada ya kuoga, keti kwenye stuli fupi ili macho yenu yawe sawa. Siku ya kwanza atalinyakua kopo ajipake mwenyewe, haraka, uso na magoti tu, kama mtu aliyeko kwenye foleni. Mwache. Siku ya pili mwambie umsaidie mgongoni, mahali asipofikia. Atakuwa mgumu kama ubao. Paka polepole, ukitaja unapopaka: bega hili, bega lile, hapa pana kovu dogo. Usimuulize kovu limetoka wapi. Wiki ya pili omba visigino, vilivyopasuka kwa kutembea peku. Mguu wake uukalishe juu ya goti lako. Itachukua wiki kadhaa, kila siku, saa ileile, mtu yuleyule, na asubuhi moja utahisi uzito wa mguu umeshuka kwenye goti lako kwa sababu ameacha kuushikilia. Kama ni msichana, kusuka kunafanya kazi hiyohiyo, ila anza na mistari michache ya dakika 20, usimpeleke saluni akavutwe na mtu mgeni kwa saa 3.

Kazi hii, pamoja na kulisha na kufunga majeraha, ifanywe na wazazi. Dada apike, afue, aoshe vyombo. Si kumdharau dada. Ni kwamba mtoto huyu ameshapitia mikono mingi, na akiona wa kumlisha ni mmoja, wa kumpaka mafuta ni mwingine na wa kumlaza ni wa tatu, atahitimisha kwamba amehamishiwa makao madogo zaidi. Dada akibadilika katika miezi hiyo ni pigo, kwa hiyo kama mnajua ataondoka, aondoke kabla mtoto hajaja. Akiondoka baadaye, aage mchana, kwa maneno, akiwa na mizigo yake inayoonekana.

Anapomwita kila mtu mama

Wageni watamsifu: mtoto mchangamfu, hana haya, amepanda mapajani mwangu dakika ya kwanza! Hiyo si dalili ya upendo. Makaoni, mtoto aliyejua kumvutia mgeni ndiye aliyepata peremende na pengine mfadhili. Akiwa Nairobi ni hatari tupu, kwa kuwa ataondoka na mtu yeyote wa bodaboda atakayemwita kwa jina.

Wekeni sheria fupi na mwielezeni kila anayeingia kabla hajavua viatu: salamu ni ya mkono, mapaja ni ya baba na mama. Akimkimbilia mgeni, mgeni mwenyewe amgeuze kwa upole: "Nenda kwa mama kwanza." Nyanya huumia akiambiwa hivi. Mweleze kwa heshima, faraghani, na mpe tarehe: baada ya miezi 3 mjukuu atakuwa wake. Mtoto ajifunze nambari yenu ya simu kwa wimbo, na mchore mpaka wa kucheza kwa kutembea nao: kutoka langoni hadi kwenye tangi la maji, usivuke.

Ugeni unapokwisha

Wiki za kwanza mara nyingi huwa tulivu mno. Anasema asante kwa kila kitu, anaosha vyombo bila kutumwa. Huo ni ugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto huyu amejipa jembe siku ya kwanza kwa hofu ya kurudishwa. Ugeni ukiisha, kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na mwezi wa 3, anaanza kuuliza swali lake halisi kwa vitendo: nikiwa mbaya, mtanirudisha?

Atavunja. Atasema uongo wa wazi, makombo mdomoni. Atachukua sarafu za meza. Atamkataa mama na kumng'ang'ania baba, au kinyume chake. Sheria inataka mtoto akae mikononi mwenu miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kwenda mahakamani, na kwa wengi dhoruba hii huangukia hapohapo. Mjue mapema msije mkadhani mmekosea mtoto.

Sentensi "nitakurudisha makaoni" isitoke mdomoni mwa yeyote nyumbani humo, hata kwa utani, hata dada, hata kaka yake akiwa na hasira. Ikitoka, miezi ya kazi inaanguka. Msipige, Katiba, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na kwa mtoto aliyepigwa kabla hamjamjua kiboko hakifundishi kitu kipya. Msimfungie chumbani peke yake pia. Kaa naye. Mwambie: "Tutakaa hapa mpaka mwili utulie," ukae kimya hatua 2 kutoka kwake, chini kuliko yeye. Akitulia, mpe maji anywe, kisha arekebishe alichoharibu kwa dakika 5, siyo kwa wiki nzima.

Usimuulize unachokijua. "Umekula mandazi?" ni mtego, na amelelewa mahali ambapo kukiri kulikuwa na gharama. Sema: "Mandazi yamekwisha. Ukiwa na njaa, kikapu kiko pale." Kuhusu pesa, pochi ikae juu, na yeye apewe shilingi 20 au 50 kila Jumamosi azitumie dukani atakavyo. Mtoto ambaye hajawahi kumiliki kitu hana njia ya kujua cha mwenzake ni nini. Hata nguo makaoni mara nyingi ni za ukubwa, si za mtu. Andikeni jina lake kwenye kola, mbele yake.

Watoto mliozaa wana haki zao hapa. Aliyekuwa kifungua mimba na sasa ana mkubwa wake amenyang'anywa cheo bila kuulizwa. Mpeni dakika 30 za peke yake na mzazi kila siku, na kabati lenye kufuli la vitu vyake. Miezi ya kwanza watoto wasiachwe pamoja bila mtu mzima, wasilale kitanda kimoja, na milango isifungwe wakicheza. Hatusemi hivi kwa kumshuku mtoto. Hamjui yote aliyoyaona, na yeye hana maneno ya kuyasema bado.

Shule, daktari, jina

Shule ingoje wiki 3 au 4 ikiwezekana. Darasa la chini kidogo kwa umri wake lenye mwalimu mpole ni bora kuliko la umri wake lenye watoto 60. Ombeni ahamishwe kwa nambari yake ileile ya wizara. Akisajiliwa upya atakuwa na nambari mbili, na tatizo litajitokeza wakati wa mtihani wa kitaifa. Mwalimu wa darasa aombwe asiwape watoto kazi ya mti wa ukoo au picha ya utotoni bila kuwajulisha ninyi kwanza. Na shule ya bweni, hapana. Tunajua inavyoheshimiwa kwetu, na wengi wetu tulisoma huko. Kwa mtoto huyu, kitanda cha chuma, kengele na foleni ya chakula ni kurudishwa, haijalishi karo ni kiasi gani.

Daktari amwone ndani ya wiki 2: damu, choo kikubwa, macho, masikio, meno, ngozi, na vipimo vya VVU na selimundu kama faili haina majibu yanayoaminika. Dawa ya minyoo, albendazole miligramu 400, hutolewa kwa dozi moja tu. Kama anatumia dawa za kila siku, pateni akiba ya mwezi 1 kutoka makao kabla ya kuhama. Mpimeni urefu na uzito kila mwezi. Akipata chakula cha kutosha anaweza kukua kwa kasi, kwa hiyo nunueni sare kubwa kidogo. Wasichana wengine waliokuwa na utapiamlo hubalehe mapema wakishaanza kunawiri, hivyo mazungumzo ya hedhi yasingoje miaka 12. Na kama umri wake ulikadiriwa kwa meno, kumbukeni ni makadirio. Msimpime kwa wenzake kwa miezi.

Jina lake la kwanza liacheni. Huenda alipewa na polisi au anti wa zamu, lakini ndilo aliloitikia maisha yake yote. Ongezeni la babu na la ukoo mbele yake, mumweleze babu huyo alikuwa nani. Historia yake ielezwe kwa ukweli wa kiasi cha umri wake: "Mama aliyekuzaa hakuweza kukulea. Hatujui jina lake. Ulipatikana, ukapelekwa kituoni, ukatunzwa." Msimtungie wazazi waliokufa ajalini. Majirani wakiuliza huyu ni nani, "ni mtoto wetu" yatosha. Asisimamishwe madhabahuni kama ushuhuda, na picha yake isizungushwe kwenye makundi ya simu.

Ushago mwaka wa kwanza nendeni usiku 2, si wiki 2, mlale chumba kimoja naye, na wazee waambiwe kabla kwamba hakuna kumpa mtoto kwa shangazi "akazoee". Mkilemewa, mpigieni afisa wa watoto au mshauri anayewafuatilia mapema, wala si siku mnayotaka kukata tamaa. Nambari 116 ni ya bure, na watoto nao wanaweza kuipiga.

Karibu na mwezi wa 6 ataomba kwenda kuwaona wenzake makaoni, au hataomba ila ataanza kuwataja majina usiku. Mpelekeni. Pigeni simu kwanza kuhakikisha rafiki zake bado wapo. Mwambieni siku 2 kabla, kwa saa: tutafika saa 4, tutaondoka saa 6, chakula cha mchana tutakula nyumbani. Achague yeye cha kuwapelekea. Asivae nguo mpya kupita kiasi. Mkiwa huko, mzazi mmoja akae mahali anapoonekana muda wote, na gari au teksi isiondoke langoni. Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, begi la shule liachwe juu ya kitanda chake, ndara chini yake, na kikapu kijazwe akiona.